Meseji ya Mama Vifungo

"Meseji yako ilishatoka, mama," karani wa dirishani alisema bila kuinua macho. "Hapa inaonyesha imetumwa. Tena zamani."

Mama Vifungo akasogeza uso kwenye kioo kana kwamba tatizo lilikuwa kusikika. Akaeleza upya, polepole, kwamba alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa shingoni ili kipimwe, kwamba daktari alimwambia majibu yatakuja kwa simu, na kwamba simu aliyoandikisha ni ya mwanawe kwa sababu yeye hana yake. Simu hiyo haikuleta kitu. Foleni nzima nyuma yake ilikuwa imetega masikio, na mtu mmoja akakohoa kile kikohozi cha kumharakisha mwenzio.

"Basi mmeifuta," karani akasema. "Wazee mnabonyezabonyeza, halafu mnakuja kutusumbua sisi. Mwambie mwanao aangalie vizuri. Bila meseji siwezi kukupa namba ya kumwona daktari. Anayefuata."

Akatoka pale dirishani ameshika khanga yake shingoni, akijifanya anaiweka sawa. Kwenye benchi la nje alimwona Mzee Kufuli, mlinzi wa soko, amejikunyata na kikohozi chake. Na yeye alikuwa ameandikisha simu ya mpwa wake. Alipomuuliza kama majibu yake yamekuja, mzee akatikisa kichwa, akasema kimya ni heri, maana wangekuwa wameona kitu wangemwita. Amekuja kuomba dawa ya kutuliza kifua tu, halafu arudi kazini. Mama Vifungo hakumbishia. Alitamani sana na yeye aamini hivyo.

Na hapa tuseme ukweli wetu: Mama Vifungo alikuwa na maringo. Si maringo ya mali, maana biashara yake ilikuwa meza moja ya vifungo, zipu na nyuzi, na chumba chao kimoja na sebule walikaa watu watatu. Aliringia mkwe wake. Mke wa mwanawe alifanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza mtambo wa kupeleka meseji za zahanati, na tangu siku alipolijua hilo, soko zima halikupumua. Mteja alikuja kutafuta zipu ya gauni, akaondoka na zipu pamoja na habari za mkwe. "Meseji zote za zahanati zinapita mikononi mwake," alikuwa akisema, huku akipima nyuzi kwa urefu wa mkono.

Kwa hiyo aliporudi mezani kwake, na jirani yake Mama Viatu akamuuliza kama majibu yametoka, angesema nini? Mama Viatu mwenyewe alipimwa juzijuzi tu na meseji yake ikaja kabla hata hajasahau sindano. Mama Vifungo akaivuta khanga yake shingoni.

"Yamekuja," akasema. "Sina kitu."

Mama Viatu akafurahi, akamshika mkono, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama Vifungo akainamia makopo yake ya vifungo akaanza kuyapanga upya, ingawa yalikuwa yamepangika.

*

Mchana kutwa wazo moja lilimzunguka kichwani, na kufikia jioni lilikuwa limeshakuwa hakika. Zahanati wanasema wametuma. Simu anayo mwanawe. Basi mwanawe ameisoma, ameona jambo zito, amemficha. Alimjua kijana wake, yule ambaye hata kuku akichinjwa huenda nje. Mtaani walimwita Fundi Bomba, na kweli hakuna bomba lililomshinda, lakini kumpa mtu habari mbaya hakuwahi kuweza.

Alingoja mpaka wote watatu wamekaa kula.

"Nipe hiyo simu," akasema.

Fundi Bomba akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mama hacheki akaitoa mfukoni, akaifungua, akamwonyesha. Meseji za wateja, matangazo, meseji za mkewe akimwomba apitie sabuni. Ya zahanati hakuna.

"Umeisoma ukaifuta," Mama Vifungo akasema. "Kama ni habari mbaya, ni yangu mimi. Nani alikupa ruhusa ya kunihurumia?"

Kijana akaapa. Akaapa kwa kaburi la baba yake, akaapa kwa macho yake, na kila alipoapa mama alizidi kusadiki kwamba anadanganya. Sauti zikaanza kupanda. Mkwe, aliyekuwa amenyamaza muda wote kwa kuwa ugomvi wa mama na mwana hauingiliwi ovyo, akaweka kijiko chini.

"Mama, samahani. Siku ile ulipoandikishwa, karani alikuuliza simu ni ya nani?"

"Aliniuliza ni yangu, ya mhudumu wa mtaa, au ya ndugu. Nikasema ya ndugu. Ni mwanangu, ningesema nini?"

Mkwe aliinuka bila kunawa, akachukua kompyuta yake, akasogeza sahani na kuifungua palepale mezani. Wale wawili wakabaki wanamtazama. Mama Vifungo alikuwa amemwona akifanya kazi mara nyingi, mgongo umenyooka na vidole vinakimbia, na kila mara alijisikia raha kumtazama. Safari hii vidole vilikuwa vizito. Aliandika kidogo, akasoma, akafumba macho.

"Mwanao hakuificha, mama," akasema. "Mimi ndiye nimeipoteza."

*

Aliwaeleza kwa kutumia makopo ya vifungo yaliyokuwa rafuni, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuwaeleza. Meseji zote za zahanati huingia kwa mlango mmoja. Hapo mlangoni kuna programu aliyoiandika yeye, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kazi yake ni kuangalia kila meseji na kuielekeza inakokwenda, kama mama anavyoangalia kifungo akajua ni cha kopo lipi. Iliyoandikwa kwamba simu ni ya mgonjwa mwenyewe inakwenda kwake. Ya mhudumu inakwenda kwa mhudumu wa afya, naye anamfuata mgonjwa nyumbani. Isiyoeleweka inatupwa kwenye kopo la pembeni, ingawa kule zahanati huonekana imeshatumwa.

"Na hilo kopo la pembeni nani hulifungua?" Mama Vifungo akauliza. La kwake mwenyewe alilimwaga mezani kila Jumamosi.

"Hakuna," mkwe akasema. "Lilipaswa kupiga kengele. Kengele ilikuwa inasumbua ofisini, tukaizima."

Hilo neno la tatu, la ndugu, zahanati walikuja kuliongeza baadaye, na walimwambia. Yeye akaendesha majaribio yake, yale majaribio madogo ambayo mwandishi wa programu huyaandika ili kuhakikisha kila njia inafika inakokwenda. Yote yakapita. Akaona mambo shwari, akaendelea na mengine, wala hakugusa orodha ya njia, ile inayosema meseji ipi iende wapi.

"Yalipita kwa sababu hakuna jaribio lililouliza habari ya ndugu," akasema. "Kila mtu niliyemtunga kwenye majaribio yangu alikuwa na simu yake mkononi. Nilitunga watu kama mimi."

Mama Vifungo hakuelewa kila kitu, lakini hilo la mwisho alilielewa barabara. Akauliza jambo moja tu. "Yangu imo humo?"

"Imo. Na za wengine wengi."

Majibu yale aliyoyahangaikia, yaliyomnyima usingizi na kumfanya awe mwongo mbele ya Mama Viatu, yalikuwa ndani ya ile kompyuta, juu ya meza yake mwenyewe, kati ya sahani na jagi la maji.

"Basi ifungue," Fundi Bomba akamwambia mkewe. "Unangoja nini?"

"Siwezi. Zimefungwa, na ruhusa ya kuzifungua ninayo kwa ajili ya kutengeneza, si kwa ajili ya kusoma. Majibu ya mgonjwa si yangu."

"Mgonjwa ni mama! Amekaa hapo!"

"Najua amekaa hapo. Nikizoea kufungua ya mama leo, kesho nitafungua ya nani?"

Fundi Bomba akasimama. Alimwambia maneno ambayo baadaye aliyaomba radhi: kwamba anamletea mama yake urasimu ndani ya nyumba yake, kwamba angekuwa mama yake mzazi angekuwa ameshaifungua. Mkwe aliyapokea yote bila kurudisha hata moja, machozi yakimtoka. Lakini mkono wake haukwenda kwenye kompyuta. Mama Vifungo aliuona huo mkono, na ingawa moyo wake ulikuwa unamlilia aseme ifungue, alishindwa kuukasirikia.

Mkwe akampigia simu Meneja wake, akaweka sauti ya nje ili asionekane anaficha kitu. Meneja alisikiliza, akaguna, akasema ni bahati mbaya. Kisha akatoa dawa yake. Ya mama mkwe iandikwe upya kwa mkono na kutumwa saa hiyohiyo, familia ipumzike. Zilizobaki zitaingizwa kwenye marekebisho ya mwezi ujao, kimyakimya.

"Mkataba wa zahanati tunausaini wiki hii," akasema. "Unataka tuonekane wababaishaji?"

"Humo ndani kuna watu wanaongoja kama anavyongoja mama."

"Wamengoja mpaka sasa, watangoja kidogo. Ukiamua kwenda kinyume na mimi, kesho usijisumbue kuja kazini."

Kodi ya nyumba ile ililipwa na mikono yote mitatu, lakini wote walijua mkono upi ulikuwa mnene. Mkwe akamtazama mama. Hakuuliza kwa mdomo, ila swali lilikuwa wazi: akisema ndiyo, dakika chache zijazo atajua kama anakufa au anaishi, na kazi itabaki, na hakuna atakayemlaumu.

Mama Vifungo akajishika shingo. Alimfikiria Mzee Kufuli kwenye lile benchi akisema kimya ni heri, na usiku huu atakuwa amekaa nje kwenye baridi na kikohozi chake, akilinda meza yake ya vifungo. Akapiga moyo konde, akaisogelea simu na kuisemea kwa nguvu, kama wafanyavyo watu wasio na simu.

"Meneja, mimi ndiye huyo mama. Yangu isitangulie. Itoke pamoja na za wenzangu, na zitoke kesho."

Upande wa pili sauti ikaja tofauti, ya mtu aliyekamatwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenisikia?"

Alikuwa amesikia. Alihangaika kidogo na maneno, akarudi kwa mkwe, akamuuliza zahanati wataambiwa nini na nani. Mkwe akasema ataongea nao yeye mwenyewe. Basi mzigo huo utaubeba wewe, Meneja akasema. Mkwe akajibu kwamba ni wake, ataubeba.

*

Asubuhi Mama Vifungo hakwenda sokoni. Alivuta stuli akakaa ubavuni mwa mkwe wake, akasema anataka kuona.

Mkwe alidhani angechoka mapema, lakini mama hakuchoka, naye akamweleza kila alichokifanya. Kwanza hakugusa njia iliyoharibika, akaanza na jaribio. Akatengeneza simu ya kuigiza, isiyo simu ya mtu yeyote, iliyowekwa pale ipokee tu na kusema nimepokea au sikupokea. Akatunga mgonjwa wa kuigiza asiye na simu yake. Akasimamisha vidole.

"Nimpe jina gani? Majina ya wagonjwa wa kweli hayaruhusiwi."

"Mwandike Mama Vifungo," mama akasema. "Hilo haliko kwenye kadi yoyote."

Mkwe akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akaliandika. Kisha akabonyeza. Mstari mmoja mwekundu ukatokea, mwekundu kama pilipili, na pembeni yake jina lake: Mama Vifungo, meseji ilitegemewa moja, zimefika sifuri.

"Mbona nyekundu? Umekosea?"

"Hapana, mama. Lazima niione ikishindwa kwanza. Jaribio lisiloweza kushindwa halinisaidii kitu. Majaribio yangu ya mwanzo yalikuwa hivyo."

Akafungua orodha ya njia, akaongeza pale palipokosekana: ya ndugu, ipeleke kwenye simu ya ndugu. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko orodha ya sokoni. Mama alishangaa kwamba shida yote ile ilikuwa na ukubwa huo. Mkwe akabonyeza tena, na ule mstari mwekundu ukageuka kijani, na pamoja nao mingine yote. Hakuishia hapo. Akaandika jaribio jingine la meseji yenye neno la ovyo lisiloeleweka kabisa, na hilo nalo likawa jekundu, mpaka alipoirudisha ile kengele ya kopo la pembeni. Mwenzake wa ofisini akakagua kazi yote kutoka huko aliko, akaipitisha.

Ndipo akampigia Muuguzi Mkuu wa zahanati. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na mama alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulitosha. "Ndiyo, dada. Ni kweli, dada. Hapana, makarani wenu hawakukosea. Ni mimi." Alikaripiwa kwa muda mrefu. Hakutaja kampuni, hakutaja Meneja aliyekubali kengele izimwe. Alitaja kosa, akataja watu wangapi, akataja kwamba njia imetengenezwa na imejaribiwa, akaomba ruhusa ya kuzitoa zote. Alipopewa, akakata simu akakaa chini, jasho limemtoka.

Mama Vifungo alikuwa amesikia watu wengi wakijitetea maishani mwake, kuanzia marehemu mumewe hadi yule karani. Wote walikuwa na mtambo wa kuusingizia. Huyu alisema mimi. Alijisikia fahari mpaka akaona haya, akainuka kwenda kumchemshia chai.

*

Alasiri hiyohiyo alikuwa sokoni, anampimia mteja lastiki, alipomwona mwanawe anakuja mbio. Suruali imelowa mpaka magotini, spana mkononi, maana meseji ilimkuta chini ya sinki la watu, na simu ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Sijasoma, mama," akasema, akihema. "Naapa sijasoma."

Safari hii alimwamini. Akavaa miwani. Herufi zilicheza kidogo kisha zikatulia, naye akasoma taratibu, akitembeza kidole: uvimbe wake ulikuwa ni kifua kikuu cha tezi. Si saratani. Kinatibika. Afike zahanati na meseji hii aanze dawa mara moja.

Akarudia kusoma. Kisha akampa mwanawe asome, na Fundi Bomba, mwanamume mzima mwenye spana, akalia mbele ya wateja. Mama Viatu akaja mbio kuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," Mama Vifungo akasema. "Ila jana nilikudanganya, shoga yangu. Meseji ilikuwa haijaja. Imekuja leo."

Mama Viatu akamwangalia yeye, akaiangalia simu, akaunganisha mambo. "Kwa hiyo aliyeipoteza ni mkwe wako?"

"Ndiye. Na aliyeitafuta ni yeye, na aliyepiga simu kujisema ni yeye. Ungependa nikuhadithie?"

Mama Viatu alikuwa na wateja wawili wanamngoja, lakini alikaa.

Meneja alinuna wiki nzima. Mkataba ulicheleweshwa, lakini haukuvunjwa, na Muuguzi Mkuu alimwandikia kwamba njia za zahanati yake aendelee kuzishika yule binti aliyempigia simu. Baada ya hapo habari ya kutojisumbua kwenda kazini haikusikika tena.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake asubuhi Mama Vifungo alikuwa kwenye foleni ya zahanati, simu ya mwanawe mkononi. Mbele yake alikuwa Mzee Kufuli ameshikwa mkono na mpwa wake, ameitwa aje haraka, naye alipitishwa moja kwa moja ndani. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa nyuma yake.

Ikafika zamu yake dirishani.

"Umeiona sasa?" karani akasema akiwa ameinamia karatasi zake. "Si nilikwambia ilitumwa. Jina?"

Alimtajia jina lake la kwenye kadi. Kisha, kwa kuwa maringo yake yalikuwa yamerudi yote na mengine juu yake, akasogea karibu na kioo.

"Lakini kwenye mtambo wenu naitwa Mama Vifungo. Mkwe wangu ameniweka humo. Kila wakitaka kubadilisha kitu, lazima meseji yangu ifike kwanza. Isipofika, mtambo unagoma, na hakuna kinachotoka mpaka mimi nipate yangu."

Karani akaacha kuandika, akainua macho.